Fishi ya Majirani

Tangazo nililibandika mimi mwenyewe, kwa uji mzito wa unga wa muhogo, maana biro yetu, ofisi ya mipango ya mji, haikuwa na gundi tangu nilipofika Beni. Lilisema kwamba mfanyabiashara mmoja wa Butembo anaomba kujenga galeri ya maduka pembezoni mwa mtaa wa Beu, kwenye shamba la maharagwe lililopakana na nyumba nilimopanga, na kwamba yeyote atakayesumbuliwa na ujenzi huo aje kusema.

Hakuja mtu. Nani aingie biro ya Serikali bila kuitwa? Tena aliyeketi ndani ni mimi, mtu wa Kwilu, magharibi ya mbali ya Kongo, ambaye Kiswahili changu kimejaa Kilingala. Huku Kilingala ni lugha ya askari. Nikifungua mdomo sokoni, mazungumzo hukatika. Miaka minne niliishi hivyo, nikiwa sina wa kuzungumza naye isipokuwa mama mwenye nyumba.

Alikuwa mjane, si mtu wa maneno mengi. Kila asubuhi aligonga ukuta wa chumba changu cha nyuma kwa mwiko, mara mbili, nami nikaitika "Wabukire", salamu ya Kinande aliyonifundisha mwenyewe huku akinicheka. Nisipoitika, alikuja kutazama kama nimekufa. Beni nzima hapakuwa na mtu mwingine ambaye angekuja kutazama.

Kwa kuwa watu hawakuja, ilinibidi nizunguke na fishi, ile fomu ya maoni ya majirani, nyumba kwa nyumba. Mama nilimwacha wa mwisho, kwa sababu neno lake ndilo lililokuwa na uzito: njia ya magari ya galeri ilichorwa ikipita juu ya kiwanja chake. Akikubali, angeuza na kuhamia Kayna kwa binti yake, ambaye alimpigia simu kila Jumapili akimwita. Akikataa, mpango wote ungeanguka, na sisi wawili tungeendelea na ukuta wetu. Nilitaka akatae.

Hapo nikafanya ujinga ambao mtu wa Serikali tu ndiye anauweza. Nilivaa koti, nikatoka kwa mlango wa nyuma, nikazunguka mpaka barabarani, nikabisha hodi mbele kama mgeni. Naye alikuwa amevaa kitenge chake cha misa. Akanisogezea kiti cha wageni, ambacho sikuwahi kukikalia.

"Majina kamili, mama?"

Nilikuwa nayajua. Akayataja polepole, akinitazama nikiandika.

"Hii galeri itakusumbua?"

"Monsieur, mie nakuuliza kwanza," akasema. Siku zote aliniita mwana. "Weye unaona namna gani? Weye pia unaikalaka hapa."

Fishi ile ni ya wenye viwanja. Mpangaji hana mstari. Na anayeandika hatakiwi kuwa na maoni. Ndivyo nilivyofundishwa, na siku ile nilijificha nyuma ya mafundisho hayo kwa sababu niliogopa kumwomba abaki.

"Mie niko hapa kwa kazi tu, mama. Mie hapana jirani."

Akapangusa meza iliyokuwa safi.

"Donc basi, andika kama hapana neno. Nitaenda kwa mwana yangu."

Akatia sahihi. Chini kulikuwa na mstari wa maoni mengine. Nikaandika *néant*, hakuna kitu, nikapiga muhuri.

Siku ya safari nilimbebea masufuria mpaka kwenye lori la Kayna. Alipokwisha kuketi karibu na dereva, akaninong'oneza dirishani.

"Siku ile nilikuwa nangojea useme. Kama ungesema neno moja tu, ningekatala. Lakini ulisema weye hapana jirani."

Lori likaondoka.

Mfanyabiashara aliyenunua kiwanja alikuwa amenipa wiki moja ya kutafuta chumba kingine. Asubuhi iliyofuata niliamka mapema kama kawaida, nikakaa kitandani nikisikiliza. Mwishowe niligonga ukuta mimi mwenyewe, kwa ngumi, mara mbili. Upande wa pili alikuwamo fundi aliyekuja kung'oa milango.

"Ni nani?" akauliza.

"Jirani," nikasema.