Uso wa Emmett Sestrich

Kwanza niseme wazi: mimi sina subira na mwanamume mzima anayelilia karata. Nimegawa karata hapa Butte, chumba cha nyuma cha baa ya Ruddy, tangu nywele zangu zikiwa nyeusi bila kusaidiwa na dawa, na nimewaona wa kila namna. Wapo wanaopiga meza ngumi. Wapo wanaonitukana mimi, utadhani ndimi ninayeziambia karata zije zilivyokuja. Emmett Sestrich alikuwa mbaya kuliko wote hao. Tulimwita Baruti, na mji huu ni wa migodi, baruti tunaijua.

Kazi yake ilikuwa kuchomelea vyuma. Mchezo aliujua, tena sana, lakini poka haimtaki mwenye hasira. Unaweza kucheza vizuri kabisa, ukashindwa na mjinga aliyeokolewa na karata ya mwisho. Hapo unatakiwa umeze mate, usubiri mkono mwingine, karata zigawiwe upya. Emmett hakujua kumeza. Akishapigwa hivyo mara moja, anaanza kucheza kila takataka anayogawiwa ili amkomeshe aliyemshinda, na meza nzima inakaa kumngojea. Hasira hasara, nilimwambia mpaka nikachoka. Siku moja alipindua meza, zile sarafu za plastiki tunazochezea zikatawanyika mpaka jikoni, na Ruddy akamfukuza.

Laiti yangeishia kwa Ruddy. Nyumbani kwake walikuwa wanacheza karata Jumapili baada ya chakula, yeye, mkewe Roberta na mtoto wao Nolan, wakishindania njugu tu, jamani, njugu. Mtoto akamshinda baba yake, akacheka. Emmett akarusha sahani ukutani. Hakumlenga mtu, hilo namtetea, lakini kipande kiliruka kikamchana Nolan juu ya jicho. Roberta alifunga nguo zao, akampakia mtoto garini, wakaenda kuishi Spokane.

Baada ya hapo ndipo alipobadilika, na msinitanie, kubadilika ni kazi. Alirudi kwa Ruddy akaomba radhi mbele za watu, akakaa. Damu ikimpanda, aliacha sarafu zake mezani akatoka nje, akasimama kwenye baridi mpaka pumzi ishuke, ndipo arudi. Baadaye hakuhitaji hata kutoka. Alibana ulimi juu kinywani, akavuta pumzi kwa pua, macho akayatuliza kwenye kifungo cha shati la mwenzake. Hakuuliza tena karata gani ingekuja kama asingetupa zake. Hakulaumu, hakuguna.

Na masikio aliyaziba, maana wachezaji wetu wana midomo. Orville, aliyekuwa dereva wa treni kabla ya kustaafu, aliwahi kumwambia katikati ya mkono kwamba gari lake linavutwa na watu wa manispaa. Emmett akaruka, akatupa karata za ushindi, akakimbia nje. Gari lilikuwa palepale, na Orville anacheka hadi anakohoa. Mara nyingine wakamwambia Roberta ameonekana na bwana mpya. Yote uongo, ya kumvuruga akili tu. Tangu hapo akajiwekea sheria, akawa anawafundisha na wageni: linalosemwa karata zikiwa mkononi si neno, ni kelele. Alicheza vizuri hivi kwamba jina la Baruti likafa, tukamwita Jiwe. Nilimwonea fahari, kwa kweli.

Lakini kitu alichokitaka hakikuwa mezani, na sote tulikijua. Alimtaka mwanawe. Alimpigia Nolan kila sikukuu, na kijana, ambaye sasa alikuwa mtu mzima, alijibu mawili matatu akakata. Emmett alikuwa akinisaidia kuzoa vikombe, ananiambia, "Nataka aje aone tu, Fay. Aone yule mtu hayupo tena." Nilimwambia atakuja. Nilisema kama watu wanavyosema.

Na kweli akaja, Jumapili moja ya Februari, mchana, theluji inaanguka. Nilimtambua kwa kovu. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, ndevu hazijanyolewa, macho mekundu. Emmett aliinuka, akakaa, akainuka tena. Ungetegemea wakumbatiane, lakini watu wawili waliokosana hivyo hawajui waanzie mkono gani. Nolan akamwambia baba yake kwamba ana maneno naye, kama wanaweza kwenda pembeni.

Emmett akaogopa. Nilimwona. Alidhani anakwenda kusomewa mashtaka yake yote, na pembeni hakuna kitu cha kushika, ila mezani anajua akae vipi. Akavuta kiti. "Kaa kwanza, mwanangu," akasema. "Cheza kidogo na baba yako. Kisha tutakula pai ya nyama, tutaongea mpaka uchoke mwenyewe." Alitaka kijana amwone anashindwa bila kukasirika. Hicho tu, maskini. Nolan alitutazama sote, akashusha pumzi, akakaa, nadhani kwa sababu ya uchovu.

Orville naye, domo lake halilali. Akamwonya kijana kwamba huyo mzee siku hizi ni jiwe, ukimpiga teke unavunjika kidole. Tukacheka. Baada ya mikono michache Nolan akamshinda baba yake kwa karata ya mwisho, bahati tupu, ile ile iliyokuwa ikimfanya Emmett apindue meza. Emmett akasema tu, "Umecheza vizuri." Kisha akamwangalia mwanawe, kama mtoto aliyemaliza chakula chote anayesubiri kusifiwa. Nolan hakuona. Alikuwa anaitazama meza, haioni.

Halafu nikagawa mkono ule. Emmett alipata malkia wawili, akaweka dau. Nolan akasukuma sarafu zake zote katikati, na hakuwa amezigeuza karata zake kuziangalia. Wengine wakatupa karata zao, wakajitoa. Ikabaki zamu ya Emmett: afuate kwa kuweka kiasi kile kile, au aache. Akavaa ule uso. Pumzi kwa pua, macho kwenye kifungo cha shati. Kijana akainua kichwa akamtazama baba yake, na nadhani alishindwa kuendelea kulibeba peke yake.

"Mama amefariki," akasema, polepole. "Jumanne. Alinikataza kukupigia simu. Alisema nije nikuambie mwenyewe."

Orville akavua kofia. Mgawaji haruhusiwi kusema neno mchezaji anapoamua. Nilimkodolea Emmett macho, namwomba kimoyomoyo asikie. Hakupepesa. Mtafunwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na yeye alishatafunwa mara nyingi mno, kwenye kiti kile kile.

"Nafuata," akasema, akafunua malkia wake.

Nolan akazigeuza zake kwa mara ya kwanza. Saba na mbili, karata mbovu kuliko zote. Kwenye karata Emmett alikuwa sahihi kabisa, kijana hakuwa na kitu. Akatabasamu, tabasamu la baba hasa, akasema, "Umejaribu, mwanangu. Ila siku hizi huniwezi kwa maneno."

Nolan akasimama. Hakupaza sauti. Akamuuliza kama amesikia alichoambiwa, na Emmett akasema amesikia, akaongeza kwamba hata Orville alishamtumia mbinu hiyo hiyo. Kijana alimtazama kidogo, akavaa kofia, akatoka. Emmett akaanza kuzivuta sarafu kwake.

"Emmett," nikamwambia, "mtoto hakuwa anacheza."

Akamgeukia Orville, maana Orville ndiye angekuwa wa kwanza kucheka. Orville alikuwa anaangalia sakafu. Hapo ndipo lilipomwingia. Alitoka mbio bila koti, akaanguka kwenye ngazi, akainuka, na alipofika barabarani gari la Nolan lilikuwa limeshaondoka. Alipiga simu, ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena na tena, amesimama kwenye theluji na shati lake, mpaka Orville akaenda kumrudisha ndani kwa nguvu.

Mazishi yalikuwa Spokane, na alikwenda. Dada wa Roberta ndiye aliyemwambia saa na mahali. Aliporudi alikuja moja kwa moja kwangu kabla chumba hakijafunguliwa, akakaa, nikamwekea kahawa, hakuigusa. Akanisimulia. Alisimama nyuma ya watu wote. Alimpenda yule mwanamke maisha yake yote, na alitaka kulia, alijilazimisha alie, lakini ulimi ulikwenda wenyewe juu kinywani, pumzi ikapita puani, uso ukafunga. Watu waligeuka kumwangalia, wakanong'onezana kwamba hana hata chozi. Walipomaliza kufukia akamfuata Nolan, akamwambia alidhani ni mchezo, anaapa, alidhani ni mchezo tu.

"Akasemaje?" nikamuuliza.

"Akasema, 'Ungepindua meza, baba. Ungenirushia hata sahani. Ningejua umesikia.'"

Emmett alinieleza hayo amekaa wima, mikono juu ya meza, uso hauna habari yoyote. Nilimngojea alie. Nilinyoosha mkono nikamshika wake, nikangoja, na hakuweza. Nikalia mimi.