Karatasi ya Dawa Niliyoichapa Mara Mbili

Admin, naomba unifiche jina. Ukisema Sumbawanga mjini inatosha, maana huku tunajuana.

Mimi ni mama wa miaka sitini na mbili, mjane, watoto wangu wameshaoa na kuolewa. Jambo hili nimekaa nalo moyoni zaidi ya miaka thelathini. Msianze kunitukana kabla hamjafika mwisho. Mkifika, ruksa.

Miaka ile biashara ilipofunguliwa na kila mwenye mtaji akaruhusiwa kuuza dawa za mifugo, mimi nilikuwa mchapaji. Nilikuwa na taipureta yangu na chumba kimoja karibu na soko. Dawa za kuogeshea ng'ombe zilikuja na maandishi ya kigeni ambayo wafugaji hawayaelewi, basi wenye maduka wakawa wanakuja kwangu niwachapie karatasi ya maelekezo kwa Kiswahili, wampe kila mteja. Ile ya kwanza aliitunga bwana mifugo mwenyewe, akaikagua neno kwa neno. Vaa nguo za mikono mirefu. Usipulizie wakati wa upepo. Kifuniko kimoja cha dawa kwa ndoo moja ya maji.

Alipokuja mwenye duka wa pili, nikaona kwa nini nijichoshe? Tahadhari ni zile zile, kupe ni wale wale. Nikabadilisha juu jina la duka na jina la dawa, chini nikanakili yote kama yalivyo. Dawa yake kweli ilikuwa na nguvu sawa na ya mwenzake, mambo yakaenda vizuri, na mimi nikajiona mjanja kweli kweli. Ile karatasi nikaiweka kwenye faili iwe ya mfano kwa kila atakayekuja.

Wa tatu alikuja na haraka, gari linamsubiri nje. Nikamuuliza, "Dawa yenyewe umekuja nayo niione?"

"Dawa ni dawa, mama. Nichapie kama ulivyowachapia wenzangu."

Nikachapa. Chupa sikuiona. Kumbe dawa yake ilikuwa kali, kifuniko kimoja kilikuwa cha ndoo tatu.

Wiki chache baadaye akarudi, safari hii anaongea taratibu. "Kuna Msukuma mmoja huko Chala kaogesha ng'ombe, wamekufa kumi na mmoja. Hapo penye ndoo moja weka ndoo tatu. Tarehe iache ile ile."

Sitaki kuwadanganya kwamba sikuelewa. Nilielewa. Nikachapa, na tarehe nikaiacha ile ile. Nikajifariji kwamba angalau ng'ombe wa wengine watapona.

Karatasi ile ilikwenda kufanya kazi gani, nilikuja kujua nikiwa mtu mzima kabisa. Kwenye jumuiya yetu alihamia mama mmoja, nimwite Mama Kabula, mcheshi, mtu wa utani. Ila ukimpa Biblia asome somo, anaipitisha kwa jirani haraka. Siku moja tunapepeta ulezi nyumbani kwangu, nikamtania, "Macho yote hayo mazuri, unaogopa nini kusoma?"

Alicheka kidogo, kisha akaweka ungo chini.

"Dada, mimi kusoma kwangu kuliua ng'ombe wa baba."

Akanisimulia. Baba yake hakujua kusoma, hivyo yeye, akiwa na miaka kumi na mitatu, ndiye aliyemsomea karatasi ya dawa. Alisoma ndoo moja. Ng'ombe wakatetemeka, wakatokwa povu, wakaanguka mmoja baada ya mwingine. Karatasi ilikuwa imelowa dawa, mama yake akaichoma asije mtoto mdogo akaishika. Baba alipokwenda kulalamika, mwenye duka akatoa karatasi nyingine, akamwita mtu aisome mbele ya watu wote. Ndoo tatu. Akaambiwa, "Mzee, binti yako ndiye kakosea."

Baba akamtoa shule. Kaka yake akakosa ng'ombe wa kuolea, naye akamchukia. Mpaka mzee anakufa hakumwita tena kwa jina.

"Na nilikuwa nasoma vizuri, dada," akaniambia. "Sijui siku ile macho yangu yalikuwa wapi."

Mimi nikaendelea kupepeta. Ndivyo nilivyofanya, jamani, nikaendelea kupepeta.

Sasa ni mwaka wa sita. Nilikwenda kuungama, padri akaniambia nikaseme kwa mwenyewe. Nikafika hadi mlangoni kwake, akanikaribisha uji, nikanywa nikarudi. Nikimwambia, baba yake hafufuki na shule hairudi. Atakachopata ni kujua kwamba aliteseka bure, na aliyemtesa ni huyu anayemwita dada. Nikinyamaza, atakufa akijua ni yeye. Mwenye duka alishafariki, sina hata mwenzangu wa kubeba naye lawama. Nakala ya karatasi yake ya mwanzo, ile ya ndoo moja, bado ninayo, iko chini ya sanduku.

Najua habari hii hapa hataiona. Hasomi chochote, hata ujumbe wa simu anasomewa na binti yake.

Mwaka huu amepatikana na presha. Kila akitoka hospitali anapitia kwangu, ananikabidhi bahasha ya vidonge, anakaa kwenye kigoda. "Nisomee wewe, dada. Wewe ndiye ninayekuamini." Namsomea: kimoja asubuhi, kimoja jioni. Anarudia neno kwa neno, ananishukuru, anaondoka.

Jumatatu anakuja tena. Ndugu zangu mnaosoma, mniambie nianze kumsomea ipi, bahasha ya vidonge au ile karatasi?