Masaa Mawili Yaliyokatwa Mara Mbili

Mwingereza alikuwa bado anatawala nilipoajiriwa kuwa karani wa mahudhurio kwenye reli, pale Itigi. Kazi yangu ilikuwa kuandika saa ambayo kila kibarua wa genge la kutengeneza njia amefika na saa aliyoondoka. Mwisho wa mwezi nilipiga hesabu ya siku na ya ovataimu, kisha karatasi zikaenda kwa karani mkuu, naye akazituma kwa mhasibu Mzungu.

Karani mkuu huyo ndiye aliyeniombea kazi, akanifundisha hesabu za malipo, na nilipotaka kuoa alikubali kuwa mshenga wangu. Alikwenda kwa wakwe zangu mara tatu kwa baiskeli yake, akarudi na vumbi mpaka kwenye kope. Mimi sikuwa na kaka wa kuzaliwa, kwa hiyo nilimwita kaka, na nilimaanisha.

Masika ya mwaka huo yalikuwa makali. Mto uliokuwa ukikatiza reli ulibomoa tuta, na treni za mizigo zikakwama pande zote mbili. Genge likaamriwa kufanya kazi kila siku hadi jioni. Tatizo ni kwamba vibarua wengi walikaa ng'ambo ya mbuga, na mbuga ilijaa maji. Zamu ilikuwa ya masaa manane, saa moja asubuhi hadi saa tisa alasiri. Wao walifika saa tatu, nguo zimelowa hadi kiunoni, majembe mabegani. Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa mmoja wao.

Siku ya pili walianza kunung'unika. Nyapara akaniambia hawatabaki baada ya saa tisa, kwa sababu wamesikia kwamba mchelewaji halipwi ovataimu. Nikakimbia ofisini.

"Kaka, watu wanataka kuondoka."

Hakuinua kichwa. "Waambie wabaki. Hayo masaa mawili ya asubuhi tutawakata kwenye mshahara wa kawaida. Wakishapita saa tisa, kila saa ni ovataimu kamili, saa moja italipwa kama saa moja na nusu."

"Niwaambie hivyo hivyo?"

"Wewe si karani? Waambie."

Nilirudi nikasimama juu ya rundo la mataruma ya reli, nikawaambia kwa Kiswahili, kisha kwa Kinyaturu ili wazee waelewe vizuri. Wakabaki. Kwa siku kumi na moja walibeba mawe na udongo hadi saa kumi na mbili jioni, na siku ya kumi na mbili gari la moshi lilipita juu ya tuta polepole, dereva akitupungia kofia.

Wiki ya kufunga hesabu, karani mkuu alinipa karatasi za malipo zikiwa tupu, akaniambia nitie sahihi chini ya kila moja. Alisema mhasibu anazitaka siku hiyo hiyo, na kwamba yeye karani mkuu angezijaza mwenyewe kutoka kwenye daftari langu. Nilitia sahihi zote. Sikuuliza hata swali moja. Mtu aliyekupelekea posa, utamuuliza nini?

Siku ya mshahara mjomba alinijia na pesa zake zimefungwa kwenye kitambaa. Hakujua kusoma, lakini kuhesabu alijua kuliko wengi. "Shikamoo mjomba," nikasema. Akaitikia, kisha akafungua kitambaa mbele yangu. "Hizi ndizo ulizotuambia?"

Nilikwenda ofisini kuomba karatasi za malipo. Nilizisoma nikiwa nimesimama. Kila siku walikuwa wamekatwa masaa mawili ya kuchelewa, kama tulivyokubaliana. Lakini ovataimu nayo ilihesabiwa baada tu ya mtu kutimiza masaa manane tangu alipofika. Walifika saa tatu wakaondoka saa kumi na mbili: masaa tisa. Wakalipwa sita ya kawaida na moja la ovataimu. Masaa yale yale mawili yalikatwa asubuhi, yakakatwa tena jioni. Na chini, kwenye kila karatasi, lilikuwa jina langu kwa mkono wangu.

"Kaka, hukusema hivi."

Karani mkuu alifunga mlango. "Mhasibu alitaka gharama za tuta zipungue. Ningefanyaje?"

"Mimi niliwaahidi."

"Uliahidi wewe. Mimi nilikutuma kwa maandishi?"

Nilimtazama nikitafuta aibu usoni mwake, hata kidogo. Alikuwa anapanga kalamu zake.

Nilipanda treni ya abiria hadi Manyoni kumwona mkaguzi Mzungu. Alinisikiliza kwa adabu, akageuza karatasi, akaweka kidole kwenye sahihi. "Hii ni ya nani?"

"Yangu, bwana."

"Basi unamlalamikia nani?"

Nilirudi, nikawaita vibarua nikawaeleza yote, pamoja na ujinga wangu wa kutia sahihi karatasi tupu. Nyapara alitema mate akaondoka. Mjomba ndiye aliyebaki mwisho. Nilimpa shilingi nilizokuwa nazo, akazirudisha kiganjani mwangu, akakifumba.

"Najua hukula pesa zetu," akasema. "Lakini mpwa wangu, yule wa ofisini hatukumsikia. Tulikusikia wewe."

Hakurudi kazini mwezi uliofuata. Alikwenda kulima mtama wake, na mama akawa ananiuliza kwa nini kaka yake hapiti tena nyumbani kwangu.

Karani mkuu alipandishwa cheo, akahamishiwa Tabora. Ofisi ilimfanyia karamu ya pilau. Aliponipa mkono wa kwaheri aliniambia nimsalimie mke wangu, na nikaitikia, "Zimefika," kwa sababu watu walikuwa wanatazama. Mke wangu sikumpa salamu hizo. Alipouliza kama kaka ameacha salamu, ilibidi nimweleze kwa nini sikuzifikisha, na alilia, maana baba yake mwenyewe alimwaga pombe ya heshima kwa ajili ya mshenga yule.

Mimi nilibaki kwenye kazi ile mwaka mzima, kwa kuwa mtoto wetu wa kwanza alikuwa njiani. Pesa zile za ovataimu hazikulipwa. Kila asubuhi vibarua walifika mezani kwangu mmoja mmoja, wakataja saa yao kwa sauti kubwa ili wenzao wasikie, kisha wakasimama wakiitazama kalamu yangu mpaka nimalize kuandika.