Kipa wa Matuta

Mume wangu alikuwa kipa wa matuta. Ndivyo mji mzima wa Tabora ulivyomjua. Siku za kazi alitengeneza baiskeli karibu na soko, jioni alifanya mazoezi na timu ya mkoa, na siku ya mechi alikaa benchi amevaa koti lake mpaka mwisho. Ikitokea ni mechi ya kombe na timu zinaelekea sare, kocha alimwita dakika za mwisho kabisa. Kipa namba moja alitoka, yeye akaingia kudaka penalti. Alikuwa na jicho la kusoma mguu wa mpigaji. Akishadaka watu walimbeba mabegani, halafu wakamsahau hadi siku nyingine ya matuta.

Mimi nilikuwa keshia wa duka la kubeti, jirani na stendi. Nilikaa nyuma ya dirisha la nondo, watu wakanitajia timu zao, nikawachapia mikeka, yaani karatasi za ubashiri wao. Wateja walijua mimi ni mke wa nani. Ikifika mechi ya kombe waliniuliza, "Dada, shemeji leo ataingia?" Sisi wafanyakazi tulikatazwa kubeti na kumshauri mteja, kwa hiyo jibu langu lilikuwa moja: "Muulizeni kocha."

Jumamosi moja timu yetu ilikuwa inawakaribisha wageni kutoka Shinyanga kwenye mechi ya mtoano. Asubuhi, hata chai hatujanywa, bodaboda ilisimama mlangoni. Juu yake alikuwa kipa namba moja, mfuko begani, macho mekundu. Mama yake alikuwa amefariki alfajiri, kijijini Goweko. Hakushuka kwenye pikipiki.

"Nakwenda kumzika mama," alimwambia mume wangu. "Goli ni lako leo."

"Pole sana, ndugu yangu. Twende wote."

"Wewe ukija nani atadaka? Maliza kwanza mechi. Msibani utanikuta."

Bodaboda ikaondoka. Mume wangu akabaki amesimama uani na kikombe kitupu mkononi. Miaka yote nilimsikia akisema angetamani aanze hata mechi moja, asikie filimbi ya kwanza akiwa golini. Sasa siku imefika, nami sikujua nimwambie hongera au pole.

"Nafasi yenyewe imekuja kwa kifo cha mama wa watu," alisema.

"Hukuiomba wewe."

"Sikuiomba. Ila nimeipata."

Nilipofika dukani, habari ilikuwa imenitangulia. Dereva mmoja wa bajaji, mteja wa kila siku, alinisubiri dirishani.

"Dada, eti kipa kafiwa?"

"Ni kweli. Kafiwa na mama."

Nilidhani atasema Mungu amweke pema. Aligeuka akawapigia kelele wenzake, "Ni kweli jamani! Wapeni wageni!" Wakajaa dirishani. Waliokuwa wametupa sisi ushindi jana yake walikuja kusuka mikeka mipya. Kila nikitazama runinga ya juu, odi ya wageni, yaani malipo kwa anayewapa ushindi, ilikuwa imeshuka tena, maana kila mtu alikuwa upande wao, na ya kwetu ilizidi kupanda kama bidhaa isiyotakiwa hata na aliyeileta sokoni.

Walimchambua mume wangu mbele yangu. Hawakuwa na ubaya wowote. Walimpima tu.

"Yule ni wa matuta," alisema dereva wa bajaji. "Kwenye matuta mpira umetulia, na mpigaji unamwona. Dakika tisini mpira unatembea. Krosi, kona, mabeki wa kupanga. Kichwa kitachoka."

"Hajaanza mechi tangu lini?" aliuliza mwingine.

"Hajawahi."

"Dada, amelalaje leo?"

"Mimi ni keshia," nilisema. "Nitajie timu."

Nilichapa mikeka ile mmoja baada ya mwingine. Goweko mwili ulikuwa haujaoshwa bado, na huku kifo kile kilikwisha kuwekewa bei.

Karibu na saa sita, watu waligeuka kutazama mlangoni. Baba mkwe wangu alikuwa ameingia. Alikuwa mzee wa kanisa, Mmoraviani wa zamani, mkulima wa tumbaku aliyestaafu, na tangu nipate kazi ile hakuwahi hata kupita upande wetu wa barabara. Walimpisha. Akakataa, akapanga foleni kama wengine, kofia mkononi. Kwetu baba mkwe na mke wa mwanawe hawatazamani sana usoni, na mimi nilikuwa kwenye kiti, nimezungushiwa nondo, sina pa kujificha. Nikapiga goti nusu palepale nyuma ya dirisha.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu." Alikohoa. "Nimesikia sokoni kwamba hapa watu wanasema kijana wangu atafungwa."

"Ndiyo, baba. Ni mchezo tu."

"Wanasema wote?"

"Wengi."

Aliitazama runinga na tarakimu zake, akakunja uso. "Na anayesema hatafungwa, anaandikwa wapi?"

Nikamweleza kwamba anaandikwa hapahapa, kwa karatasi ileile. Akaingiza mkono mfukoni.

"Baba, usiweke," nilisema kwa sauti ya chini.

"Sikufuata faida. Nimeona vibaya awe peke yake."

"Aliye uwanjani hataiona karatasi hii, baba. Nenda ukakae jukwaani, nyuma ya goli lake. Wewe atakuona."

Akautoa mkono mfukoni, mtupu. Hakuwahi kumwona mwanawe akicheza, maana aliuhesabu mpira kuwa ndugu wa kamari. "Uwanja unaingiliwa upande gani?" aliuliza. Dereva wa bajaji, aliyekuwa ametoka kuwapa wageni ushindi, akasema, "Twende mzee, nitakufikisha."

Mimi sikuweza kuacha dirisha. Mechi niliisikia redioni pamoja na waliobaki. Mapema tu krosi ilikuja, mume wangu akatoka golini, akaukosa mpira, wakafunga. Dukani wakashangilia, kisha wakakumbuka nipo, wakashusha sauti. Mwenzangu wa dirisha la pili alinishika bega. Nikangoja bao la pili na la tatu. Hayakuja. Mtangazaji akaanza kulirudia jina la mume wangu, na kila alipolitaja, mle dukani mtu mmoja alisonya. Mpira ukielekea mwisho, mshambuliaji wetu mmoja akasawazisha kwa kichwa. Sare.

Yakafuata matuta, nami nikapumua. Hayo ni yake, nilijisemea. Lakini siku ile hakudaka hata moja. Baadaye aliniambia kwamba miguu ilikuwa mizito na macho yamejaa mpira wa dakika tisini, hakuweza tena kumsoma mtu. Tukatolewa.

Wateja wakarudi dirishani kwa vifijo, mikeka juu. "Wageni wameshinda! Dada, tulipe!"

Ikanibidi niwaeleze walichokijua wenyewe vizuri kuliko mimi, kwamba mkeka unahesabu dakika tisini tu, matuta hayamo. Sare ni sare. Dereva wa bajaji aliyekuwa amerudi kutoka uwanjani alisoma karatasi yake mara mbili, akaichana taratibu.

"Shemeji katuchania mikeka," alisema. Halafu akavua kofia. "Na huyo mama wa Goweko, Mungu amlaze pema. Asubuhi sikusema."

Jumapili, baada ya ibada, baba mkwe, mume wangu na mimi tulikwenda Goweko kuzika. Njiani wao wawili hawakuzungumzia mechi, ila niliona mzee amembebea mwanawe begi, kitu ambacho baba hafanyi.

Baada ya maziko tulimkuta mfiwa amekaa kwenye mkeka na wanaume wa ukoo. Mume wangu akakaa kando yake.

"Ilikuwaje?" mfiwa aliuliza.

"Tumetolewa."

"Ngapi?"

"Moja moja. Wakatutoa kwa matuta."

Mfiwa alimtazama asiamini. "Kwa matuta? Wewe?"

"Mimi."

Akaanza kucheka kwa pumzi, mabega yakitikisika, na mume wangu naye akacheka, wazee wakawageukia. Kisha kicheko cha mfiwa kikakatika katikati, akaanza kulia, kilio ambacho nadhani hakuwa amekitoa tangu Jumamosi. Mume wangu alimshika shingo, akamvutia kifuani. Baba mkwe akasogea karibu yao, akakaa.