Saa Mbili ya Mama Mkwe

Hospitalini walimwita Mitambo, na jina lilimkaa vizuri, kwa sababu chochote chenye waya kikigoma, kuanzia seva hadi birika la chai, ni yeye aliyeitwa. Cheo kilichoandikwa kwenye barua yake ya ajira kilikuwa kirefu zaidi, lakini hakuna aliyekisoma tangu yeye mwenyewe alipokisoma, miaka kumi na moja iliyopita.

Asubuhi ya kambi ya macho aliingia ofisini saa kumi na mbili na nusu akiwa na jambo moja kichwani: orodha. Daktari bingwa wa macho alifika mara moja kila miezi minne, akawafanyia upasuaji watu thelathini hivi, akaenda zake. Safari hii waliojiandikisha walikuwa arobaini na watatu. Kila mmoja alikuwa amepewa saa yake, na orodha ilipangwa kwa saa hizo. Wa juu wangeona. Wa chini wangerudi nyumbani na ukungu wao. Miongoni mwao alikuwemo mama mkwe wake. Jicho lake moja lilikwisha kuzima, na la pili lilibakiza mwanga wa kutofautisha mlango na ukuta. Mama huyo alimtambua mkwewe kwa kikohozi, kwa hiyo Mitambo alijizoeza kukohoa kila alipoingia sebuleni, hata akiwa mzima kama kigongo.

Mkewe alikuwa amemkumbusha asimsahau mama. Naye alimjibu, kama mtu mwenye msimamo, kwamba kompyuta haimjui mkwe wa mtu.

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo. Alikuwa na programu fupi aliyoiandika kwa Python, lugha ya kompyuta, mistari isiyozidi arobaini. Ilibisha hodi kwenye kanzidata, ghala la taarifa za wagonjwa, ikaomba majina ya wagonjwa wa siku, ikayapanga kwa saa na kuyapeleka kwenye printa. Aliiwasha. Kanzidata ikamjibu kwamba haimfahamu.

Nywila, neno la siri la kuingilia, ilikuwa imebadilishwa. Aliyeibadilisha ni katibu wa hospitali, ambaye alirudi kutoka semina ya usalama wa taarifa akiwa na cheti na hofu, na ambaye sasa alikuwa kwenye semina nyingine. Mitambo alimpigia mara nne. Alipopokea, katibu alinong'ona kwamba nywila haitajwi kwenye simu, hilo lilikuwa somo la kwanza kabisa. Mitambo akauliza itatajwa wapi, maana wagonjwa walishaanza kujaa kwenye mabenchi. Ndipo katibu akasema:

"Ni ile ile. Ongeza moja."

Hivyo ndivyo taarifa za wagonjwa zilivyokuwa zimelindwa.

Mlango ukafunguka, orodha ikatoka, na mgonjwa wa kwanza alipangiwa saa 02:00. Usiku wa manane. Mitambo akaitazama kwa muda, na ndipo alipoelewa zogo la kambi iliyopita. Siku hiyo mwalimu mmoja mstaafu, aliyepewa saa mbili asubuhi, alipangwa nyuma ya watu wa saa saba mchana, akaandika barua ya malalamiko ya kurasa tatu bila kosa hata la nukta.

Mapokezini palikuwa na madirisha mawili. Kwenye la kwanza alikaa Bi Mapokezi, karani wa miaka ishirini na saba kazini, aliyeandika saa kama mdomo unavyoitamka: saa mbili asubuhi, 02:00; saa nane mchana, 08:00. Kwenye la pili alikaa karani mpya, mwanamke wa miaka thelathini hivi, aliyeandika kama simu yake inavyoonyesha: saa mbili, 08:00; saa nane, 14:00. Kompyuta haikuuliza swali. Iliwapanga watu wote wa Bi Mapokezi mbele, hata wa mchana, kisha ikawafuatisha wa mwenzake.

Angeweza kuongeza saa sita kwa watu wa dirisha la kwanza, mambo yakaisha. Lakini 08:00 hii ilikuwa asubuhi ya nani, na ile mchana wa nani? Kanzidata haikujua. Makarani wote wawili waliingia kwa jina moja, kwa kuwa fomu ya kuomba jina la pili ilikuwa ikisubiri saini ya katibu kwa mwaka wa tatu.

Alimwendea Bi Mapokezi, akamweleza kwa adabu zote.

"Mwanangu," Bi Mapokezi akamwambia, "saa mbili ni saa mbili. Kama mashine yako haijui kwamba kumekucha, iamshe."

Ni wakati anarudi, amenuna, ndipo alipoona kilichokuwa mbele ya macho yake tangu mwanzo. Bi Mapokezi hakuwahi kuandika jina la mtu likiwa tupu. Kila mgonjwa wake alikuwa Mzee, Bi, Bwana au Mama fulani. Karani mpya aliandika majina makavu, kama mfumo ulivyotaka. Basi Mitambo akaongeza mstari: jina likitanguliwa na heshima, ongeza saa sita, kisha panga. Alijaribu kwa watu kumi aliokuwa na kadi zao mkononi. Wote kumi walikaa sawa.

Jina la mkwewe hakulitafuta. Alitaka siku akiulizwa aape kwamba hakulitazama.

Saa mbili kasoro dakika tano Matroni, mkuu wa wauguzi, aliitia saini orodha, akaibandika ukutani na kutangaza kwamba karatasi ikishabandikwa haiguswi na yeyote, awe nani. Mwalimu mstaafu, ambaye awamu iliyopita hakufikiwa na safari hii alikuwa namba moja, alimshika Mitambo mkono. Mitambo naye akanogewa. Akawaambia watu wa mabenchini kwamba kompyuta haina ndugu wala jamaa.

Kisha akasoma orodha. Alishuka taratibu, halafu kwa haraka, halafu taratibu tena. Mama mkwe alikuwa namba arobaini na tatu.

Alimwendea karani mpya, naye hakuelewa kosa lake liko wapi. Mama alikuja dirishani kwake wiki mbili zilizopita, akapewa saa mbili, akaandikwa 08:00.

"Si ulimleta mwenyewe, shemeji? Ukasema ni mkweo. Ningemwandikaje jina tupu? Nikaweka Mama."

Mara moja tu tangu aajiriwe, na programu ikaisoma heshima ile kama ilivyofundishwa: ikaongeza saa sita.

Mitambo alisimama mbele ya karatasi ile mara mbili, mara zote mbili mwalimu mstaafu akiwa amemkodolea jicho lake moja zima. Hakuigusa.

Saa nane kasorobo daktari alivua glavu kwenye namba thelathini na moja. Mitambo alikwenda kwenye benchi, akasimama mbele ya mama mkwe bila kukohoa.

"Kohoa, mwanangu, nijue ni wewe."

Akakohoa. Akamwambia hawakumfikia. Mama aliuliza miezi mingapi, akaambiwa minne, akashika ukingo wa benchi kwanza kabla ya kuinuka.

Dirishani, karani mpya alifungua ukurasa wa kambi ijayo. Mitambo akainama, akamwomba kwa sauti ya chini aandike jina peke yake, bila chochote mbele. Vidole vya karani vikaganda.

"Nimwandike jina tupu, na yeye amesimama hapa?"

Mama mkwe hakuwa amefuata mambo ya kompyuta, lakini hilo alilisikia.

"Andika Mama, binti," akasema. "Kuna ubaya gani?"

Karani akamtazama Mitambo, Mitambo akaitazama dari. Karani akaandika: Mama. Akaandika: 08:00.