Makofi Ndani ya Misa

Asubuhi hii nimekunjua shali ya marehemu Bibi, ikanuka moshi wa kuni na ubani, nikajikuta kwenye benchi letu kanisani, kule Pito.

Bibi alitaka Misa ya Kilatini, ya kimya. Mama, mkwe wake, aliimba kwaya yenye ngoma na makofi.

"Misa si harusi," Bibi alimwambia. "Makofi yenu kapigieni nje."

"Mama, furaha nayo ni sala."

Kwaresima nzima hawakusemezana, wakapikia majiko mawili.

Siku ya Pasaka padri akasema tupeane amani. Watu wakashikana mikono. Mama akatoka kwenye kwaya, akapiga magoti mbele ya Bibi, akapiga makofi taratibu, kama Wafipa tunavyowasalimu wazee. Salamu ile haiachwi bila kuitikiwa. Bibi akaivaa rozari shingoni ili mikono iwe huru, viganja vyake vikavu vikaitikia, polepole, ndani ya Misa.

"Haya, mwanangu," akasema. "Ila ngoma bado siitaki."

Sasa shali nimeitandika kitini. Nimepiga magoti mbele yake, nimepiga makofi taratibu, na bado sijainuka.