Mkanda Mwekundu wa Nyumba ya Bibi

Niliamini, kwa moyo wote na cheti changu cha masomo ya jioni kikining'inia ukutani, kwamba umeme wa Zambia na wa Tanzania ukikutana hapa Tunduma hugombana ndani ya nyaya, na ndiyo maana katuni za kompyuta zinazotengenezwa mji huu hutetemeka.

Aliyeniambia ni jirani yangu, fundi wa kuchomelea mageti. Nilimwendea nimeumuka kama unga wa maandazi.

"Wewe na hilo dude lako mnaniharibia kazi!"

"Mimi? Nimezima tangu asubuhi, ndugu yangu. Huo ni umeme wa ng'ambo umejipenyeza kwenye wetu. Hauelewani. Kahamie mbali na mpaka uone."

Kazi yenyewe ilikuwa nyumba ya bibi yangu, ile ya Ndalambo iliyoangushwa na mvua. Bibi alikuwa amehamia kwangu, macho yakizidi kuingia ukungu, na alitaka kitu kimoja tu: kuiona nyumba yake kabla hayajafunga kabisa. Picha hata moja hatukuwa nayo. Basi nikaijenga ndani ya kompyuta kwa maelezo yake: ukuta mweupe, mlango wa mbao, na chini, kuzunguka nyumba nzima, ule mkanda wa udongo mwekundu aliokuwa akiusiliba kwa mkono wake kila baada ya mavuno. Kompyuta ikawa inapika picha moja moja, ili zikipita haraka uone kama unatembea kuizunguka nyumba. Ilinguruma kama trekta lililobeba mlima.

Siku ilipomaliza nikamketisha bibi mbele ya kioo. Nyumba yote ilitulia, isipokuwa mkanda. Mweupe, mwekundu, mweupe, vipande vipande, unawaka na kuzimika kama umerukwa na akili. Bibi akajifunika uso kwa kitenge.

"Zima, mume wangu, unanichoma macho! Nyumba yangu haikuwa na degedege."

Hasira iliyonipanda ingeweza kuchemsha maharage ya harusi. Mataifa mawili yanagombana kwenye ukuta wa bibi yangu! Nikafungasha kompyuta, kioo, nyaya na hasira yenyewe, ambayo peke yake ilistahili kukatiwa tiketi, nikaenda Iyula kwa shangazi, mbali na mpaka. Nikaiweka kompyuta mezani katikati ya magunia ya kahawa, nikaipikisha kazi yote upya.

Palepale. Mkanda uleule, degedege lilelile.

Shangazi akachungulia begani kwangu. "Kumbe umeme wa Tunduma mlipanda gari pamoja?"

"Shangazi, usinichokoze."

"Nauliza tu. Mbona huku juu ukutani haugombani?"

Swali hilo ndilo lililonichoma zaidi. Nilifoka mpaka kuku wa Iyula nzima wakafikiria kuhama.

Nikarudi Tunduma nimenuna. Nyumbani nikamkuta shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, anayetengeneza matangazo ya katuni kwa maduka ya Nakonde, ng'ambo upande wa Zambia. Nikaanza kumtukania umeme wao hata kabla ya salamu.

"Mulamu," akasema, maana ndivyo wanavyowaita mashemeji upande ule, "punguza kelele. Fungua kazi niione."

Akaukagua ukuta kwa karibu, akagusa kitu ambacho hata sikukiona kimesogea, akaagiza picha chache zipikwe upya. Bibi akaletwa, kitenge tayari mkononi. Mkanda ukasimama. Mwekundu, kimya, kama udongo. Bibi akainama mpaka pua ikakaribia kioo, akaweka kidole chini kabisa, penye kona ya mlango.

"Hapa nilikuwa naacha alama ya dole gumba langu," akasema. "Hujaiweka."

Nilimgeukia shemeji nikiwa bado nawaka. Wiki nzima ya kugombana na dunia, na yeye kagusa mara moja!

"Na umeme wenu je?"

"Umeme hauhusiki, mulamu. Ungeyumba, kompyuta ingezima yote. Isingechagua mkanda peke yake. Ulilaza mkanda palepale ulipo ukuta, hakuna uliokaa mbele ya mwenzake. Basi kila picha kompyuta inakisia upya ionyeshe upi. Nimeusogeza mbele kidogo tu, unene wa udongo wa bibi."